Ziara ya Habib Swaleh Lamu: mwongozo kamili kwa anayekwenda mara ya kwanza

Mara yangu ya kwanza kwenda maulidi ya Lamu nilifika watu wanakunja mikeka. Mzee mmoja wa kwetu Tanga alinambia "maulidi yenyewe ni usiku wa Ijumaa", na mimi na akili zangu za kalenda ya simu nikahesabu Ijumaa usiku, nikapanda basi, nikavuka maji, nafika mtaa wa Langoni isha imeshaswaliwa nakuta vijana wako juu ya ngazi wanashusha taa za rangi, mmoja akaliangalia begi langu akaniuliza, "Ndo kwanda wafika?" Usiku wa Ijumaa, jamani, ni Alhamisi jua likishazama. Bibi alinifundisha tangu mdogo kwamba siku inaingia magharibi na bado nikapotea. Basi hii naiandika kwa yule ambaye hajaenda bado, kuanzia kwake mpaka anasimama mbele ya kaburi la Habib Swaleh, ambaye maulidi yale yanatokana naye, na kurudi, nimeenda mara kadhaa baada ya aibu ile kwa hiyo sasa najua kidogo.

Kabla ya begi, ujue unaenda kwa nani

Hatua hii watu wanairuka, halafu wanarudi wanasema "nimeona ngoma na punda". Habib Swaleh jina lake ni Sayyid Swaleh bin Alwy Jamalullail, sharifu (wa ukoo wa Mtume), mzaliwa wa Ngazija kule Komoro, akaja Lamu kijana katika karne ya 19 na ndiyo ikawa kwao. "Habib" siyo jina la kupewa na mama, ni heshima wanayoitwa masharifu wa Kihadhrami, wale Ba Alawi ambao njia yao ya kisufi ni Alawiyya na chimbuko lake ni mji wa Tarim, Hadhramaut, kule Yemen. Wengi wetu tukisikia usufi tunafikiria Kadiria na dhikri yao ya kusimama na kuyumba, Alawiyya wao mkazo uko kwenye elimu, adabu, kumsalia Mtume na nyiradi kama Ratibul Haddad ambayo wengine mmeikariri madrasa bila kujua imetungwa na nani (ni Habib Abdallah bin Alwy al-Haddad wa huko huko Tarim, alifariki 1720).

Sasa sikiliza hapa maana hapa ndo penyewe. Lamu ya wakati ule ilikuwa kama miji miwili ndani ya mmoja. Kaskazini Mkomani, nyumba za mawe, waungwana, masharifu wa zamani, vidaka na milango ya nakshi. Kusini Langoni, vibanda vya udongo na makuti, Wangazija, wagema, watu wa kuja, watumwa na waliotoka utumwani. Utumwa wenyewe pwani ya Kenya umefutwa kisheria 1907, kwa hiyo siyo hadithi za kale sana, ni enzi za mababu wa babu zetu. Elimu ya dini ilikuwepo tena ya juu, ila mtoto wa mtumwa haikuwa rahisi akae mkeka mmoja na mtoto wa muungwana afundishwe tafsiri. Habib Swaleh akaenda kukaa kule Langoni na akawafundisha hao hao. Yeye sharifu, angeweza kukaa juu akabusiwa mkono mpaka akafa. Wakubwa wa mji wengine hawakupendezwa hata kidogo, na likaongezeka jingine la matwari, yale madufu ya ngozi, manake maulidi ya Habib yalisomwa na kupigwa twari msikitini na wapo masheikh waliosema hilo halifai. Akaendelea.

Msikiti wa Riyadha ukasimama mwanzoni mwa miaka ya 1900, hapo hapo Langoni, na madrasa ikakua ikawa chuo cha kutoa walimu waliotapakaa pwani yote. Jina "riyadha" ni mabustani, wingi wa "rawdha", lile neno la kwenye hadithi ya Mtume kwamba baina ya nyumba yake na mimbari yake ni bustani katika mabustani ya peponi. Na kule Seiyun, Hadhramaut, kuna Riyadh nyingine ya Habib Ali bin Muhammad al-Habshi, aliyefariki 1915, yeye ndiye mtunzi wa Simtud Durar, yale maulidi tunayoyaita "ya Habshi". Lamu wanasoma hayo. Kama umelelewa na Barzanji tu kama mimi, utakuta mistari huijui, usione haya, utashika kiitikio.

Habib Swaleh alifariki katikati ya miaka ya 1930 na wanawe wakashika kazi, Sayyid Ahmad Badawi akiwa ndiye anayetajwa zaidi. Kwa hiyo ukiniuliza utukufu wa mahali pale uko wapi, mimi nitakwambia kaburi unalizuru lakini kilichomfanya azuriwe ni ule mkeka wa Langoni na nani alikaribishwa kukaa juu yake. Ukifika ukaenda kaburini moja kwa moja ukapiga picha ukaondoka bila kuingia Riyadha kuwaona watoto wakisoma, umekula ganda ndizi ukaiacha.

Tarehe, na hapa uwe makini

Maulidi ya Mtume kila mtu anajua ni tarehe 12 Mfungo Sita, yaani Rabiul Awwal. Ya Lamu makubwa ni wiki ya mwisho ya mwezi huo huo. Wiki nzima kuna shughuli, kilele ni Alhamisi ya mwisho kuamkia Ijumaa, na Ijumaa yenyewe baada ya alasiri ndo ziara na zefe (maandamano). Mwezi unategemea kuandama kwa hiyo usikate tiketi ya ndege miezi sita kabla kwa kuangalia kalenda ya ukutani, subiri Mfungo Sita uandame, halafu piga simu kwa mtu yeyote aliyeko Lamu muulize "Alhamisi ya Riyadha ni tarehe ngapi ya kizungu", kwa maneno hayo hayo. Jitahidi ufike Jumanne. Ukifika Alhamisi asubuhi utafika umechoka na usiku utasinzia kwenye qiyamu, pale watu wote wanaposimama kumsalia Mtume.

Na kama unachotaka ni utulivu, nenda mwezi mwingine kabisa. Kaburi lipo, msikiti upo, madrasa inasoma, na utapata nafasi ya kuongea na wazee. Wapo wanaosema ziara ya kweli ni hiyo na siwezi kubishana nao sana.

Njia

Kutoka Tanzania unavuka Horohoro kuingia Lunga Lunga, beba pasi, usiende na hadithi za "mimi ni mtu wa Tanga wananijua". Lala Mombasa. Basi la Lamu linaondoka mapema sana na linapita Malindi, Garsen, Witu mpaka Mokowe, siku hizi Garsen mpaka huko kuna lami, zamani ilikuwa vumbi mtu unafika huna rangi. Ni zaidi ya kilomita 300 na kuna vizuizi vya polisi njiani mnashuka mnakaguliwa, kwa hiyo kitambulisho kikae mfuko wa mbele siyo chini ya begi lililofungwa juu ya gari. Hali ya usalama ya njia ile inabadilika, uliza Mombasa kabla hujalipa, na usisafiri njia ile usiku kwa gari la kukodi hata ukiambiwa nini.

Mokowe unashuka unapanda boti mpaka Lamu, nusu saa au pungufu. Wiki ya maulidi boti zinajazwa. Mimi niliwahi kushuka kwenye boti moja nikasubiri inayofuata kwa sababu ilikuwa imezama karibu na ukingo na nahodha anaita watu bado, watu wakanicheka, acha wacheke, vaa lile jaketi la kuelea hata kama linanuka samaki. Wenye uwezo wanapanda ndege kutoka Nairobi au Mombasa, unatua kisiwa cha Manda, unavuka kidogo tu uko mjini.

Ukishuka gatini usitafute teksi, hakuna. Lamu ni miguu na punda. Ukisikia nyuma yako "Simileee!" usigeuke kuangalia, jibanze ukutani kwanza, punda mwenye mifuko ya saruji hana breki.

Pa kulala na cha kubeba

Gesti zinajaa mapema na bei inapanda, ni kawaida ya sikukuu popote. Ila njia ya wenyewe ni kufikia kwa watu. Wiki ile wageni wanatoka Komoro, Mombasa, Tanga, Unguja, Uganda, hata Uarabuni, na nyumba nyingi zinapokea, kama msikitini kwenu kuna ustadh aliyesoma Riyadha mwambie tu, atakupa jina na utapokelewa. Nilifikia kwa bimkubwa mmoja, tulikuwa wanaume kumi na moja juu ya dari, mkeka na mto, upepo wa kusi, asubuhi mahamri na mbaazi. Ukipokelewa usiende mikono mitupu, peleka sukari, mchele, kahawa, kitu, na umkabidhi mama mwenye nyumba kwa heshima, usimwekee pesa mkononi mbele za watu.

Mwanamume beba kanzu mbili nyeupe, moja itaharibika na marashi na mchuzi wa pilau usiku huo huo. Kofia usinunue kwenu, nunua kule, kofia za vito za Lamu zimeshonwa kwa mkono tundu kwa tundu na fundi atakuonyesha jina la nakshi yake, bei yake nayo siyo ya kitoto. Mwanamke buibui na mtandio wa kujitosheleza, na mkeka mdogo au leso ya kukalia ni lazima. Kila mtu abebe mfuko wa kutia viatu. Nasema kwa uchungu, nimerudi peku mara mbili, na siyo wizi, ni ndara elfu mbili zinazofanana mlangoni gizani.

Usiku wenyewe

Baada ya isha sogea Riyadha mapema. Uwanja wa nje unatandikwa mikeka na watu wanajaa mpaka kwenye vichochoro. Wanawake wana upande wao na mabaraza ya nyumba za jirani, ukiwa na mke au mama kubalianeni kabisa mtakutana wapi na saa ngapi kwa sababu simu hazisikiki na mtandao unalemewa.

Ukitaka kuona kitu ambacho wengi hawakioni, usiende mbele kwanza, tafuta pembeni walipo wapiga matwari. Utamkuta kijana amechuchumaa na jiko la makaa, anapasha ngozi za matwari moja moja, analizungusha juu ya moto kama anaoka mkate, analigonga kwa kidole, anaweka sikio, anatikisa kichwa, analirudisha tena. Hewa ya bahari ina unyevu na ngozi inalegea, twari lililolegea linalia kama ndoo. Akiridhika analirusha kwa mwenzie bila kuangalia. Mimi nilisimama pale karibu saa nzima.

Halafu yanaanza. Wanafunzi wamejipanga mistari inaangaliana, kanzu nyeupe tupu, msomaji anasoma kipande cha Simtud Durar, kasida inapokewa, matwari yanaingia taratibu, mistari inaanza kuinama kulia, kushoto, vichwa vyote pamoja, mikono inapanda inashuka, na hakuna anayekimbia mbele ya mwenzie. Inaongezeka kasi lakini huoni wapi imeongezeka. Wewe mgeni usijitie katikati ya mstari kama hujafundishwa, utawaharibia, kaa nyuma itikia.

Ikifika mahali pa kuzaliwa Mtume wote mnasimama, hiyo ndo qiyamu, "Ya Nabi salaam alaika", umati mzima. Hapo chetezo cha udi kinapita na mtu wa mrashi anakumwagia marashi, kunja viganja upokee upake usoni. Kama wewe ni wa msimamo kwamba kusimama huku si sawa, kaa kimya na adabu zako nyuma, usianze mjadala saa ile. Baraza za Lamu zina muda wote wa dunia kwa mjadala, nenda kesho na kahawa mkononi, na ujiandae manake wazee wale wamesoma.

Picha: uliza. Wanaume kwa ujumla hawana shida, wanawake usiwapige hata kwa mbali, na ukiwa ndani ya msikiti weka simu mfukoni.

Ijumaa, ziara

Lala baada ya alfajiri, utahitaji. Oga, josho la Ijumaa kabisa, jipake manukato, Swala ya Ijumaa wahi mapema. Baada ya alasiri watu wanaelekea makaburini alipozikwa Habib.

Sasa adabu zake, polepole. Nia kwanza, unazuru kwa sababu Mtume amesema alikuwa amekataza kuzuru makaburi kisha akaruhusu, kwa kuwa yanakumbusha akhera, na unazuru mja mwema umuombee na ukumbuke kazi yake. Ingia na udhu. Ukifika toa salamu kwa wote waliolala pale siyo kwa Habib peke yake, "Assalaamu alaikum dara qaumin muuminin, wa inna inshaallahu bikum laahiqun". Tembea katikati ya makaburi, usikanyage wala kukalia, hata pakijaa. Mbele ya kaburi simama umeelekea alipo, kwa utulivu kama ambavyo ungesimama mbele yake akiwa hai. Siku ile inasomwa Yasini na dua kwa pamoja, wewe fuata. Ukienda siku nyingine peke yako soma Fatiha, Yasini kama umeihifadhi, Ikhlasi mara tatu au kumi na moja, Swala ya Mtume, halafu thawabu zake uzihidi kwake na kwa maiti wako. Ukiomba, muombe Mwenyezi Mungu. Kuomba kwa jaha (heshima) ya mja mwema ni jambo ambalo masharifu wale wana dalili zao na wanaolipinga wana zao, ila kusujudu, kuzunguka kaburi kama Kaaba, kufunga vitambaa, hayo hata wenyewe Riyadha hawakufundishi, ukimwona mtu anafanya usimuige na usimpigie kelele.

Usikae sana, nyuma yako kuna mtu katoka Ngazija kwa jahazi na boti na basi. Dakika chache zinatosha.

Kwa mama na dada zangu, Ijumaa ile makaburini kumesongwa na wanaume, kwa hiyo nawashauri mzungumze na mwenyeji wenu awapeleke wakati mwingine kumetulia. Bibi yangu alikwenda asubuhi moja na mwenyeji wake, akarudi amenyamaza mpaka adhuhuri, na kwa wanaomjua bibi yangu hiyo ni karama tosha.

Zefe, na ule upande wa michezo

Kutoka kwenye ziara ndo zefe, maandamano yenyewe, bendera, matwari, kasida, watu wanapita pwani na mitaani, wanawake wakiwa kando ya njia na madirishani wanapiga vigelegele. Tafuta nafasi mapema ukutani ukitaka kuona yote, au ingia ndani utembee nayo usione kitu ila usikie kila kitu. Mimi nachagua kutembea.

Ndani ya wiki kuna pia goma, wazee na vijana wamejipanga na bakora zao wanacheza polepole kwa heshima kama watu wanaowaza jambo, kuna mashindano ya punda, jahazi, kuogelea, bao, na hati za Kiarabu. Mashindano ya punda yanapendwa na watalii na watoto, mimi naona yanachosha, punda mwenyewe katikati ya mbio anaamua kurudi nyumbani. Ya hati usiyakose, mtoto wa miaka kumi na mbili anaandika Bismillahi kwa kalamu ya tete na mkono hautetemeki. Ukibaki na nusu siku pita Ngome na uzunguke Mkomani, mji wa kale wa Lamu umo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, ndo utaelewa vizuri umbali wa kutoka Mkomani mpaka Langoni, kwa miguu ni dakika kumi na kitu tu.

Kurudi

Kata nafasi ya basi la kurudi kabla ya Alhamisi. Jumamosi asubuhi gati lote ni mabegi na kila mtu anataka boti ya kwanza. Mwaka mmoja nilikosa nikabaki siku mbili za ziada, sina la kufanya, nikawa nakaa barazani na wazee karibu na Riyadha nakunywa kahawa chungu. Mji ulikuwa umetulia kabisa, mikeka imeshafagiliwa, na kutoka madrasa ikasikika sauti ya watoto wanarudia alifu kwa kijiti, mmoja anakosea kila mara mahali pale pale, mwalimu anamrudisha, anakosea tena. Mzee mmoja akacheka akasema huyo ni mjukuu wake, na kwamba babu yake yeye mzee alifundishwa na Habib kwenye mkeka ule ule akiwa hana hata kanzu, akamimina kahawa nyingine akaniuliza kama boti yangu ni ya kesho au ya kesho kutwa.